Rangi Zilizopoa

Kila ifikapo Desemba sisi Waswahili wa London hujikuta tukibishania mambo ambayo nyumbani hayakuwa na mjadala: pilau au bata mzinga, ibada ya usiku au ya asubuhi. Mwaka jana kwetu mjadala ulikuwa wa rangi. Binti yetu wa miaka 14 alitaka mti wa Krismasi upambwe kwa rangi zilizopoa: waridi hafifu, samawati nyepesi, kijani cha jani changa, zambarau iliyotiwa maziwa. Mapambo mekundu na ya dhahabu ya miaka yote yabaki kwenye boksi.

Bibi yake, aliyekuja kututembelea kutoka Muheza, hakupendezwa. "Rangi gani hizi zilizopauka kama miguu isiyopakwa mafuta?" alituuliza. Kwake Desemba ni nyekundu, kwa kuwa ndio mwezi ambao mkrismasi, ule mti wa mwavuli wa pembeni mwa barabara, huwaka maua. Akatukumbusha kuwa mwacha mila ni mtumwa.

Lakini mila ya nani? Mti huu ulishika kasi Uingereza baada ya Desemba 1848, gazeti la Illustrated London News lilipochapisha picha ya Malkia Victoria na mumewe Albert, mzaliwa wa Ujerumani, wakiwa na watoto wao kando ya mti huko Windsor. Hata ule mkubwa wa Trafalgar Square ni mgeni. Tangu 1947 mji wa Oslo huutoa kila mwaka kama shukrani kwa msaada wa Waingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na hupambwa kwa taa nyeupe zinazoshuka wima, kwa mtindo wa Norwe. Kwa hiyo rangi peke yake haikutunyima usingizi.

Kilichotusumbua ni kingine. Bibi na mjukuu walikuwa wamelala chumba kimoja wiki mbili bila mazungumzo. Kiswahili cha binti kiliishia "shikamoo" na "nimeshiba". Kiingereza cha bibi hakikuvuka salamu. Kila neno lilipitia kwetu kwanza, kama mzigo forodhani. Na bibi ana miaka 81. Safari kama ile si ya kuhesabia kwamba itarudiwa.

Basi tukaweka sharti. Binti achague rangi azitakazo, ila pambo lisitundikwe kabla halijapewa jina la Kiswahili, na hakimu awe bibi.

Sharti hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Vivumishi halisi vya rangi katika Kiswahili ni vitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingi zilizobaki tumeziazima kwenye vitu. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, manjano ni kiungo cha jikoni, zambarau ni tunda, na samawati imetoka kwenye neno la Kiarabu la mbingu. Ili kuitaja rangi, sharti ukijue kitu. Binti yetu hajawahi kuona zambarau, sembuse kuzila mpaka ulimi ukageuka. Bibi akaeleza kwa mikono, mwishowe akatoa ulimi nje. Wakacheka wote wawili, na pambo la kwanza likapanda mtini.

La manjano hafifu bibi aliliita "kiini cha yai la kisasa", kwa dharau ya mtu aliyezoea kuku wa kienyeji. Likapita. Likaja la samawati iliyokaribia weupe. Bibi akasema ni samawati tu. Binti akakataa: mbingu anayoijua yeye mwezi huo haina rangi hiyo. Akagusa kioo cha dirisha, akasema, "Rangi ya baridi." Bibi akalipima, akaitikia.

Jina hilo lina ukoo wake. Tarehe 11 Mei 1848, mwaka uleule wa picha ya Windsor, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, aliyetokea Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Kiongozi wake wa njia aliuita baridi, basi. Rebmann aliporipoti kuwa ni theluji, baadhi ya wanajiografia wa hapa London walimkatalia. Yule kiongozi alikipa kitu jina kwa kile alichokijua mwilini mwake. Binti yetu naye alifanya vivyo hivyo, ingawa amezaliwa mbali na mlima ule.

Kwa kuwa mmoja wetu ni mhandisi wa umeme, kazi ya taa ilikuwa yetu. Tuliziondoa zile za mwanga wa njano, kwa sababu huifanya samawati hafifu ionekane kijivu, tukaweka za mwanga mweupe.

Bibi amesharudi Muheza. Siku hizi Jumapili simu haipitii kwetu: binti humwonyesha kitu kwenye kamera, skafu au ukungu wa nje, na wanabishana jina lake. Kiswahili chake bado kinachechemea, lakini kinatembea.

Pambo moja, lililo kati ya waridi na kijivu, halijapata jina hadi leo. Liko kwenye boksi pamoja na yale mekundu. Msomaji mwenye jina lake na atuletee kabla ya Desemba, bibi ataamua.