Beti Kumi na Nane za Augusta

Ushairi wetu una ada ya kuugawa mshororo sehemu mbili, ukwapi na utao, mizani nane huku na mizani nane kule. Mchezo wa gofu, ambao wengi wa pwani huuona ni mchezo wa matajiri wanaofukuzana na kijipira majanini, nao una ada kama hiyo. Kiwanja kamili kina mashimo 18: tisa ya kwendea na tisa ya kurudia. Katika kiwanja cha Augusta National, mjini Augusta, jimbo la Georgia nchini Marekani, kipimo cha mashimo tisa ya mwanzo ni mikwaju 36, na cha tisa ya mwisho ni 36 vilevile. Na kama mtunzi anavyoweza kuzigeuza beti zake kabla ya kulisoma shairi barazani, ndivyo ilivyokuwa hapo: katika mashindano ya kwanza ya mwaka 1934, tisa za leo za mwisho ndizo zilizokuwa za mwanzo. Mwaka uliofuata zikageuzwa, na hazikugeuzwa tena.

Kabla ya kuwa kiwanja, pahala hapo palikuwa kitalu. Mwaka 1857 ukoo wa Berckmans, uliotoka Ubelgiji, ulianza kuotesha na kuuza miti ya matunda na maua, na kabla yao mwenye ardhi alikuwa mkulima wa nili. Bobby Jones, bingwa wa gofu wa zama zake, alipoinunua ardhi hiyo pamoja na wenzake mwaka 1931, na Alister MacKenzie akamsaidia kuchora kiwanja, miti ya kitalu iliachwa isimame. Ndiyo maana kila shimo hapo lina jina la mti au ua. Msomaji wa visiwani hahitaji kufunzwa maana ya bustani kama hiyo. Aijua harufu ya karafuu, na ajua pia ni mikono ya nani iliyoipanda mikarafuu ya kwanza, na kwa hiari ya nani. Mwaka ule wa 1857, Georgia ilikuwa bado nchi ya utumwa.

Na tuingie basi. Shimo la kwanza laitwa kwa mti ambao maua yake Wachina huyatia katika chai ili inukie. Hapo, mwezi wa Aprili mwaka 1975, alisimama Lee Elder, mtu mweusi wa kwanza kushindana katika Masters, miaka 41 tangu mashindano hayo yaanze. Alipata haki hiyo kwa kushinda mashindano mjini Pensacola mwaka 1974, mji uleule ambao miaka michache nyuma wachezaji weusi walinyimwa chumba cha kubadilishia nguo, wakavaa kwenye maegesho ya magari. Kwa sababu ya vitisho, wiki ile Elder alikodi nyumba mbili ili asijulikane alala wapi. Alipiga mikwaju 74 siku ya kwanza na 78 siku ya pili, akatolewa. Wenye kuhesabu ushindi hawana cha kuandika hapo. Lakini mlango ukishafunguliwa huwa umefunguliwa.

Kutoka shimo la pili, linaloteremka na kupinda kushoto, mchezaji hupita mpichi, mtofaa wa maua, magnolia na mreteni, kisha huja nyasi za pampasi. La nane, lenye kupanda kilima, lina jina la yasmini ya manjano. Asidhani mtu ni asumini ya kusokotea kikuba. Mmea huo wa Kusini mwa Marekani umeazima jina tu, na una sumu tangu mzizi hadi ua. Shimo la tisa ni la kurudi nyumbani, na uwanja wake wa kutumbukizia una mteremko mkali kuelekea mbele. Mwaka 1996 Greg Norman, aliyeianza siku ya mwisho akiwa mbele kwa mikwaju sita, aliupiga mpira wake ukatua juu, ukasita, kisha ukarudi taratibu hadi chini. Jioni alikuwa ameshindwa kwa mikwaju mitano.

Utao waanzia shimo la kumi, Camellia, ndugu wa mchai, ambalo huteremka takriban mita 30 kwenda bondeni. Picha za televisheni haziuonyeshi mteremko huo vyema. Waliokuwa wakiujua kwa nyayo ni makedi, yaani wachukuzi wa mikoba ya fimbo. Hadi mwaka 1982 kila mchezaji wa Masters alilazimika kumchukua kedi wa hapo, na makedi wa hapo wote walikuwa watu weusi, wengi wao wakitoka mtaa wa Sand Hills. Mkubwa wao, Willie Stokes, aliyeitwa Pappy, alikulia katika ardhi hiyo na aliwafunza wenzake wapi maji ya mvua hukimbilia, kwani mpira nao hufuata njia ya maji. Elimu hiyo haikuandikwa chuoni. Ilipokewa kwa mdomo, kama tungo zetu nyingi zilivyopokewa. Mwaka 1983 wachezaji waliruhusiwa kuja na makedi wao, na wengi wa wale wajuzi wakakosa kazi.

Bondeni ndiko kuliko kijito cha Rae. Shimo la 12 ni fupi kuliko yote, mita 142 tu, na ndilo linaloogopwa zaidi, maana upepo wake hauna adabu ya kusi wala kaskazi: huvuma huku, na miti ng’ambo ikapepea kule. Mwaka 1997 Tiger Woods alipita hapa akielekea ushindi wa tofauti ya mikwaju 12. Siku ya kwanza alikuwa ametumia 40 katika ukwapi, akausahihisha utao kwa 30. Elder alisafiri kwenda kumshuhudia siku ya ushindi. Mwaka 2020 Woods huyohuyo aliitumbukiza mipira mitatu majini hapa, akamaliza shimo moja kwa mikwaju kumi. Hakuondoka. Katika mashimo sita yaliyobaki, matano aliyapunguzia mkwaju mmoja mmoja.

Shimo la 17 lilikuwa na msonobari uliomchosha Rais Eisenhower, mwanachama wa klabu, hata mwaka 1956 akapendekeza mkutanoni ukatwe. Mwenyekiti aliufunga mkutano papo hapo. Mti ukamshinda rais, ukaja kuangushwa na barafu mwaka 2014. Wakati huohuo hakuna mwanachama mweusi aliyekubaliwa hadi mwaka 1990, wala mwanamke hadi 2012. Mti ulipata mtetezi mapema kuliko watu.

Kituo ni shimo la 18. Mwaka 1995 Ben Crenshaw alimzika mwalimu wake wa tangu utotoni siku ya Jumatano, kisha akarudi Augusta kucheza. Kedi wake, Carl Jackson, mzaliwa wa mji huo aliyeanza kazi ya Masters mwaka 1961 akiwa kijana wa miaka 14, alikuwa amemwambia wiki ile mambo mawili madogo kuhusu anavyosimama na anavyogeuza bega. Jumapili, mpira wa mwisho ulipotumbukia, Crenshaw aliinama akaufunika uso, akalia. Jackson ndiye aliyemjia na kumshika.

Aprili 2021 Lee Elder alialikwa kuwa miongoni mwa wafunguzi wa mashindano, pale pale shimo la kwanza. Afya haikumruhusu kupiga. Aliinua fimbo tu, watu wakampigia makofi, na Novemba ya mwaka huo akafariki dunia. Bustani bado ni nzuri, na uzuri wake si uwongo. Lakini anayezisoma beti zake 18 azisome kwa ukamilifu, pamoja na majina ya waliozihifadhi kwa moyo bila ya kuandikwa katika jalada.