Siku ya Kuzaliwa ya Binti Aliye Mbali



Wapendwa Taifa la Mungu, kila mwaka tunapokea nia ya Misa inayoandikwa kwa maneno machache: kumwombea binti anayeadhimisha siku yake ya kuzaliwa, aliye safarini. Anayeileta ni mama. Anayeombewa hayupo.

Mwaka huu mmoja wa akina mama hao alituletea nia yake, akabaki amesimama. Binti yake ametimiza miaka 30. Tangu utotoni hakujua kutulia. Sasa anafanya kazi melini, na simu yake hupatikana meli inapotia nanga. “Baba Paroko,” alituuliza, “je, nakosea nikimwomba Mungu amchoshe na safari, anirudie nyumbani?”

Swali hilo lilitukumbusha mama ambaye hatajwi sana, Drana Bojaxhiu wa Skopje. Mumewe alifariki mwaka 1919, akamwachia watoto watatu. Kitindamimba wao alizaliwa tarehe 26 Agosti 1910, akabatizwa kesho yake. Mwaka 1928, akiwa na miaka 18, binti huyo aliaga akaenda Ireland kujiunga na Masista wa Loreto, na mwanzoni mwa mwaka 1929 akafika India. Mama na mwana hawakuonana tena. Drana alihamia Tirana, Albania. Utawala wa kikomunisti ukafunga mipaka, na mwaka 1967 ukapiga marufuku dini zote. Drana alifariki Julai 1972. Tangu 1929 hadi 1971 zilipita siku 43 za kuzaliwa, na hakuna hata moja waliyokaa meza moja. Binti alifika penye kaburi la mama yake mwaka 1989. Ndiye Mama Teresa wa Calcutta, aliyetangazwa Mtakatifu tarehe 4 Septemba 2016.

Tulimjibu mama wa parokia yetu kwamba kuomba binti arudi si kosa. Bikira Maria mwenyewe alimtafuta Mwanawe kwa uchungu, akamwona hekaluni siku ya tatu. Lakini kumwombea achoke ni kumwombea apungukiwe na ujasiri ambao Mungu mwenyewe alimjalia. Tukishukuru kwa kuzaliwa kwa mtoto, tushukuru kwa huyu aliyezaliwa, si kwa yule tuliyemtamani. Tulipompeleka kwenye kisima cha Ubatizo tulikwisha kumkabidhi; umbali unatukumbusha tu neno tulilolisema siku ile.

Mama alitukabidhi bahasha yake, akaenda kupika pilau kwa ajili ya wajukuu na majirani. Sherehe ilifanyika, mwenye sherehe akiwa baharini.

Basi, ninyi wazazi, siku hiyo inapofika msichanganye pongezi na lawama. Msimulieni mtoto jinsi alivyozaliwa: mvua iliyonyesha, mkunga aliyempokea, jina alilopewa na sababu yake. Hayo hayapatikani ugenini.

Nanyi vijana mliotawanyika duniani, msingoje kupigiwa simu. Pigeni ninyi kwanza. Siku hiyo ninyi mlizaliwa tu. Aliyepata utungu ni mama. Mwambieni asante angali anasikia.

Mungu Mwenyezi awalinde wasafiri wote, na awafariji wanaowangoja. Amina.