Upepo Uwe Mgongoni: Barua kwa Mpwa Anayekuja Uholanzi Kuendesha Baiskeli

Utrecht, Aprili

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako imefika, na mjomba wako amefurahi kusikia kwamba viza imetoka, bima ya matibabu imelipiwa, na likizo yako ya Juni umeamua kuimaliza juu ya baiskeli. Ramani uliyoichora ameiona pia: Amsterdam hadi Maastricht na kurudi, siku saba, karibu kilomita 70 kila siku. Miguu ya kijana aliyekulia Tanga inaziweza. Hata hivyo anaomba uipunguze kwa nusu, na barua hii inaeleza kwa nini.

Njia za Uholanzi zimetengenezwa ili mtoto wa shule na bibi wa miaka 80 wapite bila hofu. Kinachomwangusha mgeni huku mara nyingi ni kutojua mwenendo wa njia hizo, na kinachomchosha ni upepo. Anayeyaelewa haya mawili hufurahia likizo yake. Asiyeyaelewa huhesabu kilomita tu mpaka jioni.

Nchi hii ina watu karibu milioni 18 na baiskeli zinazokadiriwa kufika milioni 23. Njia za baiskeli zina urefu unaozidi kilomita 35,000. Neema hiyo ilidaiwa na watu. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia magari yaliongezeka, mitaa ikapanuliwa kwa ajili yake, na mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua zaidi ya watu 3,000, wakiwamo watoto zaidi ya 400. Mmoja wao alikuwa binti wa mwandishi wa habari Vic Langenhoff. Mwaka 1972 baba huyo aliandika katika gazeti la De Tijd makala yenye kichwa Stop de Kindermoord, yaani komesheni mauaji ya watoto. Kichwa hicho kikawa jina la vuguvugu la wazazi waliofunga mitaa na kudai njia salama. Mwaka 1973 mafuta yalipoadimika, serikali ya waziri mkuu Joop den Uyl ilizuia magari siku za Jumapili, na watu wakaonja ladha ya mji uliotulia. Chama cha waendesha baiskeli, Fietsersbond, kikaundwa mwaka 1975. Ukiona wenyeji wanakuwa wakali kwa mtalii anayesimama katikati ya lami nyekundu ya njia ya baiskeli kupiga picha, kumbuka historia hiyo.

Sasa tuingie dukani.

Kukodi kwa wiki nzima ni nafuu kuliko kukodi siku moja moja. Zile baiskeli za buluu na njano utakazoziona stesheni zisikutamanishe, kwani hukodishwa kwa kadi binafsi ya usafiri iliyosajiliwa, ambayo mgeni wa siku chache huwa hana. Nenda kwenye duka la kawaida, ukae kwenye kiti, uhakikishe ncha za vidole vya miguu yote miwili zinagusa chini. Omba yenye gia saba au zaidi, karia imara, na mabegi mawili ya pembeni yasiyopitisha maji, maana mzigo wa mgongoni huchosha mabega kabla ya adhuhuri. Kwa kuwa unavaa baibui, sema mapema kwamba unataka fremu isiyo na bomba la juu, kifuniko kizima cha mnyororo, na kile kizuizi cha nguo kinachofunika juu ya gurudumu la nyuma. Wanawake wa huku huendesha na sketi ndefu na makoti bila shida kwa sababu ya vitu hivyo.

Uliza habari za breki. Baiskeli nyingi za Kiholanzi husimama kwa kukanyaga pedali kinyumenyume. Aliyezoea breki za mkono hurudisha mguu nyuma ili kujiweka sawa, akajikuta amesimama ghafla huku watu wanamjia nyuma. Zunguka kwenye uchochoro wa duka mpaka mguu uzoee. Kofia ngumu si lazima kisheria kwa baiskeli ya kawaida, na wenyeji wengi hawaivai. Wewe ivae, juu ya hijabu nyepesi. Wenzako wa huku wameanza kuendesha tangu chekechea, na hata hivyo huanguka.

Kubwa zaidi ni upande. Sisi nyumbani hupita kushoto. Huku kila kitu hupita kulia. Mgeni kutoka Tanzania au Kenya anapovuka barabara, shingo hugeuka kulia kwa mazoea, kumbe gari la kwanza linatokea kushoto. Kwa siku mbili za mwanzo jisemee kwa sauti kila unapofika njia panda: kushoto kwanza. Na kwenye njia ya baiskeli kaa kulia. Anayetaka kukupita atapiga kengele na kupita kushoto kwako.

Alama za kukariri ni chache. Kibao cha duara cha buluu chenye baiskeli nyeupe maana yake ni lazima upite hapo, usiende na magari. Pembetatu nyeupe zilizochorwa kwenye lami, ncha zikikuelekea wewe, zinakutaka usubiri. Zikimwelekea mwenzako, yeye ndiye anayesubiri. Mahali pasipo alama wala taa, anayetokea kulia hupita kwanza, awe na lori au baiskeli, isipokuwa tramu, ambayo humtangulia kila mtu. Reli za tramu zikate kwa pembe kubwa kadiri unavyoweza, kwa sababu tairi ikiingia kwenye mfereji wa reli haitoki bila kukuangusha. Na simu iwe mfukoni: tangu Julai 2019 kuishika mkononi ukiwa unaendesha ni kosa la faini. Taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma ni lazima gizani, ingawa mwezi Juni jua huzama yapata saa nne usiku.

Siku ya kwanza usiendeshe kabisa. Simama kando ya makutano yoyote hapa Utrecht saa mbili asubuhi, uangalie. Atapita mama mwenye baiskeli ndefu iliyobeba sanduku la mbao mbele, watoto wawili wamekaa ndani, mmoja anakula mkate. Nyuma yake wanafunzi wawili sambamba, jambo ambalo sheria inaruhusu. Mzee wa baiskeli ya umeme atawapita upande wa kushoto. Tazama mikono yao: kabla ya kukata kona, mkono unanyooka wazi, jicho linapita juu ya bega, ndipo usukani unageuka. Hakuna anayefunga breki ghafla wala kuyumba kuangalia duka. Wanapita mamia, wamekaribiana kiasi cha kugusana, na hawagusani, kwa kuwa kila mmoja anajua mwenzake atafanya nini baadaye. Hilo ndilo litakalokulinda kuliko kofia na taa. Ukitaka kusoma ramani, nyoosha mkono, toka nje ya njia, simama kwenye nyasi. Kama kukata kushoto kunakutisha, vuka kwanza moja kwa moja, simama ng'ambo, kisha vuka tena. Hakuna atakayekucheka.

Kuhusu upepo, mjomba wako anakusihi usiudharau. Takriban robo ya nchi hii iko chini ya usawa wa bahari, mashamba ni wazi, na pepo nyingi huvuma kutoka kusini magharibi. Siku ya upepo mkali, kilomita 20 dhidi yake humaliza nguvu kuliko 50 ukiwa nao mgongoni. Wenyeji wenyewe wana mashindano ya kitaifa ya kuendesha dhidi ya upepo, kilomita 8.5 juu ya boma la bahari la Oosterscheldekering, kwa baiskeli zisizo na gia, na huitishwa pale dhoruba inapotabiriwa. Wewe huji kushindana. Panga safari yako ianzie kusini magharibi iishie kaskazini mashariki, na treni ifanye kazi ya kukupeleka mwanzo.

Treni hubeba baiskeli kwa tiketi yake maalumu ya siku, ila siku za kazi zipo saa za msongamano ambazo baiskeli haziruhusiwi: saa 12:30 hadi saa 3:00 asubuhi, na saa 10:00 hadi saa 12:30 jioni. Ratiba zao zimeandikwa kwa mtindo wa saa 24, kwa hiyo utaona 6:30, 9:00, 16:00 na 18:30. Tafuta behewa lenye picha ya baiskeli mlangoni, waache wanaoshuka washuke, ndipo uingie.

Njia utaifuata kwa namba. Kila makutano ya njia za baiskeli yana kibao chenye namba na ramani ya jirani zake, na vibao vidogo vya kijani na nyeupe vinakuelekeza kwenye namba inayofuata. Utaratibu huu ulianzia Limburg ya Ubelgiji katika miaka ya 1990, ulipobuniwa na Hugo Bollen, mhandisi aliyeuona ukitumika migodini kuwaelekeza wachimbaji. Leo umeenea Uholanzi nzima. Usiku wa kuamkia safari andika namba zako kwenye karatasi, uibandike kwenye usukani kwa utepe wa gundi. Angalia tu kwamba namba hazizidi 99 na hurudiwa wilaya kwa wilaya, hivyo andika na majina ya miji.

Badala ya ile ramani yako, mjomba anapendekeza hii. Kodi baiskeli hapa Utrecht. Baada ya saa tatu asubuhi panda treni kwenda Rotterdam. Kutoka kwenye daraja la Erasmusbrug kuna boti ya abiria, Waterbus, inayopakia baiskeli na kukupeleka karibu na Kinderdijk. Huko utakuta vinu vya upepo 19, vingi vilivyojengwa karibu mwaka 1740 kwa ajili ya kusukuma maji kutoka mashambani, na tangu 1997 vimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Endelea juu ya tuta la mto Lek hadi ng'ambo ya Schoonhoven, mji wa mafundi fedha, uvuke kwa pantoni. Lala hapo. Kesho yake ni yapata kilomita 30 tu hadi Utrecht, upepo ukiwa mgongoni Mungu akijalia.

Pumzika siku moja, kisha elekea mashariki, upite vilima vya msitu vya Utrechtse Heuvelrug hadi Otterlo, kwenye lango la hifadhi ya Hoge Veluwe. Ukishalipa kiingilio, ndani zipo baiskeli nyeupe 1,800 za kutumia bure. Unachukua moja, unaiacha, unachukua nyingine. Katikati ya msitu lipo jumba la makumbusho la Kröller-Müller, lenye mkusanyiko wa kazi za Vincent van Gogh unaozidiwa na ule wa Amsterdam peke yake. Usilipite kwa haraka. Kutoka hapo shuka Arnhem, urudi Utrecht kwa treni.

Kwa malazi, uliza mapema kuhusu Vrienden op de Fiets, mtandao wa wenyeji wanaopokea waendesha baiskeli na watembea kwa miguu majumbani mwao, kitanda na kifungua kinywa kwa bei ya chini kuliko hoteli. Baiskeli utaiweka kwenye banda lao. Waambie kabla kama kuna vyakula usivyokula.

Wezi wapo. Funga baiskeli kwa kufuli mbili, ile ya gurudumu la nyuma na mnyororo unaoifunga kwenye chuma kisichong'oka, hata kama unaingia kununua maji tu. Na kuhusu maji, ya bomba ni safi ya kunywa, jaza chupa yako bure. Hapa Utrecht kuna maegesho yaliyo chini ya stesheni kuu yenye nafasi za baiskeli 12,500, makubwa kuliko yote duniani, na saa 24 za mwanzo hulipi kitu. Piga picha namba ya mstari ulipoiacha, la sivyo utaitafuta mpaka machozi. Beba kadi ya benki inayokubali malipo ya nje, kwa sababu baadhi ya maduka hayapokei fedha taslimu. Namba ya dharura ni 112.

Koti la mvua lije, hata kama Juni ni kiangazi. Kwenye simu weka programu ya Buienradar, inayoonyesha mvua inakoelekea kwa saa mbili zijazo. Ukiona wingu linakuja, ingia mkahawani, agiza chai, ulisubiri lipite. Suruali nyepesi chini ya baibui, viatu vya kufunga, glavu za vidole nusu, na mafuta ya kulainisha ngozi vinatosha.

Jibu barua hii ukitaja urefu wako kwa sentimita na siku utakayotua, ili baiskeli ya saizi yako ishikwe mapema, maana msimu wa likizo zile ndogo ndizo huisha kwanza. Chumba chako kitakuwa tayari kabla ya safari na baada yake. Mama yako apewe salamu nyingi, na aambiwe kwamba kofia ngumu imekwisha nunuliwa.

Akupendaye,
Mjomba wako