Jozi Yenye Jumla ya Sifuri

Hesabu husema kweli, lakini haisemi kweli yote. Chaji mbili za umeme, moja chanya na moja hasi, zikiwa sawa kwa kiasi, jumla yake ni sifuri. Mwenye haraka atasema hazina nguvu. Walakini, kwa kuwa baina ya hizo mbili pana pengo, hazifutani kabisa, na uga wa umeme husalia. Umbali ukizidi mara mbili, uga wa chaji moja hubaki robo. Uga wa jozi, ukipimwa kutoka mbali, hubaki thumuni. Jozi ni dhaifu kwa walio mbali, ina nguvu kwa walio jirani.

Mwaka 1912, Mholanzi Peter Debye alieleza kuwa zipo molekuli zenye jozi ya namna hiyo daima. Maji ni katika hizo: upande wa oksijeni ni hasi, upande wa haidrojeni ni chanya. Kwa hiyo maji huzizunguka chembe za chumvi na kuzitenga, chumvi ikayeyuka, mafuta hayawezi. Debye alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1936.

Bilauri ya maji imejaa jozi zenye jumla ya sifuri. Lingezibika pengo lile dogo, bahari isingekuwa na chumvi, wala damu isingeweza kuichukua.