Upepo wa Jirani

Khabari hii inanihusu mimi mwenyewe, na nimeona nisiifiche. Kwani mwalimu akikosea mbele ya wanafunzi wake, hana budi alieleze kosa lake mbele yao pia.

Chuo chetu hapa Pongwe kina kompyuta moja ya mezani. Si mpya. Ilitujia imekufa, na fundi mmoja wa Tanga mjini akaifufua: akaitoa diski ya zamani akatia nyingine isiyozunguka, akaongeza kumbukumbu, na kabati lake akalipuliza vumbi hata akapiga chafya. Nia yangu ilikuwa kuitia Al-Maktaba Al-Shamila, ile maktaba ya Kiarabu itolewayo bila ya malipo, yenye maelfu ya vitabu ambavyo sisi ujanani tulivisikia majina tu. Walakini kompyuta za mezani za zamani aghalabu hazikuzaliwa na waifai; hungoja waya, na waya huo chuoni kwetu haufiki.

Mwanafunzi wangu mmoja, kijana hodari wa vyombo hivi, akanambia, "Maalim, dawa yake ndogo." Akaleta kidude kiasi cha ukucha wa dole gumba, kichomekwacho katika tundu la USB. Kumbe kidude kile chataka programu ya kukitambulisha kwa kompyuta, na programu yenyewe imo katika intaneti, na intaneti haipatikani mpaka kidude kitambulike! Nilicheka peke yangu. Kijana akaiunga simu yake kwa waya, akaishusha programu ile kwanza. Tena kidude kilipokuwa nyuma, chuma cha kabati kikayazuia mawimbi, na ukuta wa matofali ya saruji nao hauna huruma. Akatafuta waya mfupi wa kurefushia, akakileta mbele, karibu na dirisha. Mara dunia ikafunguka.

Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia. Sikumuuliza upepo ule watoka kwa nani. Nilidhani ni wa simu yake. Au niseme kweli, nilipenda kudhani hivyo. Siku ya tatu kijana hakuwapo, na simu yake haikuwapo, na kompyuta ingali ikishusha vitabu. Nikaona, nikanyamaza.

Na siku zile zile darasa la wakubwa tulikuwa katika kitabu cha Abu Shujaa, mlango wa ghasbu. Nikiwafahamisha kwamba ghasbu si kunyang'anya ng'ombe au shamba tu; hata manfaa ya mtu, ukiyachukua pasi na ridhaa yake, una dhima ya ujira wake. Jambo hili nimelisomesha zaidi ya miaka 30.

Jirani yetu ni mama mjane, na mwanawe yuko Maskati kwa kazi. Huyo mwana ndiye aliyemnunulia kisanduku cha waifai, kile kitiwacho laini ya simu, wapate kuonana nyuso kila Ijumaa. Ijumaa moja, baada ya sala, nilimkuta barazani, simu mapajani. "Maalim," akanambia, "leo mwanangu sitamwona. Kifurushi cha mwezi kimekwisha, na hata nusu ya mwezi haijafika. Hawa watu wa simu wamenidhulumu."

Nilihisi uso ukiniwaka. Nikarudi chuoni, nikamwita kijana. Akasema nywila aliijua tangu siku alipomsaidia yule mama kukifunga kisanduku. "Lakini Maalim, si upepo tu? Haupungui."

Neno lile nililifikiri sana. Wazee wetu chombo cha kupelekea khabari bila ya waya walikiita simu ya upepo, na pengine jina hili limetupoteza kidogo. Upepo ni mwanzo wa safari tu: kutoka kidude chetu hadi kisanduku, na kutoka kisanduku hadi mnara. Mbele ya hapo khabari hushika nyaya, mpaka chini ya bahari. Waya wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo tukitegemea setilaiti, kwa bei ya kutisha. Kila kipande cha njia hiyo kina mwenyewe, na mama yule fungu lake alilinunua kwa kipimo.

Tena vitabu vyangu si vilivyokula zaidi. Tulipochungua, tuliona Windows yenyewe ilikuwa ikishusha marekebisho yake kimya kimya, kwani kompyuta ikikuta waifai hudhani haina mpaka, isipokuwa uiambie kwamba mtandao huu hupimwa. Mahali pa kuiambia papo, sisi hatukupagusa. Kompyuta iliyolala muda mrefu huamka na njaa. Lakini hayo hayakunitoa dhimani.

Baada ya Alasiri nikaenda kupiga hodi. Suratun-Nur inatufunza kutaka idhini kabla ya kuingia nyumba isiyo yetu, nami nilikuwa nimekwisha kuingia kwa ukutani. Nikamweleza yote, nikamwekea fedha ya kifurushi kizima. Akanitazama kitambo. "Ningekupa, Maalim, lau ungeniomba."

Bora angenitukana. Fedha alizipokea, nami nilishukuru kwamba amezipokea. Akanunua kifurushi pale pale, na uso wa mwanawe ukatokea, amevaa kofia yake ya Ijumaa. "Maalim yupo hapa," akamwambia, "msalimie." Sababu ya kuwapo kwangu hakumtajia.

Sasa kompyuta ya chuo hula kutoka simu yangu, baina ya Alasiri na Magharibi, na kipimo tumekiwasha. Kijana nilimpeleka siku ya pili akaombe radhi kwa ulimi wake. Mama alimsamehe, akamtaka amwoneshe namna ya kubadili nywila. Na ilipofika pa kuiandika mpya, akamwambia ageuke, atazame ukutani.