Pumba Zilipokuwa za Bure

Mashine ya kusaga ya Igoma, pembezoni mwa Mwanza, imebomolewa, na mahali pake panajengwa fremu za maduka. Kijana mmoja anayefuga kuku wa mayai jirani na hapo aliposikia kwamba kuku wa mtaa mzima waliwahi kula kutoka mlango ule, aliuliza ni kampuni gani iliyokuwa ikileta chakula. Hakuna kampuni iliyoleta.

Kulikuwa na injini ya dizeli yenye kopo kwenye bomba la moshi, mlio wake ukisikika toka mbali, na harufu ya mahindi yaliyopata moto. Mteja alikoboa debe lake akaondoka, pumba zikabaki. Mzee mwenye mashine alizijaza kwenye viroba kando ya mlango, na kina mama wakaja na mabeseni.

"Chota, mama, ila hizo zilizolowa ziache."

Kabla ya kumruhusu mtu kuchota, alizamisha mkono kirobani hadi kwenye kiwiko. Pumba zikiwa na joto la ndani au harufu ya ukungu, alizimwaga. Alikuwa sahihi: sumukuvu haiondoki kwa kuanika wala kwa kupika.

Aliwafundisha pia kuchanganya. Pumba za mahindi hutia nguvu, lakini protini yake ni kama asilimia 10 tu, basi waliongeza dagaa waliovunjika kutoka Mwaloni Kirumba na mashudu ya pamba kutoka viwanda vya mafuta. Mashudu hayo yalipimwa kwa uangalifu, kwa kuwa yana gosipoli, inayoweza kugeuza kiini cha yai kuwa cha kijani. Dagaa wakizidi, yai hunuka samaki. Machicha ya bia, ambayo sehemu kubwa ni maji, yalianikwa siku hiyohiyo yasichache.

Viwanda vya minofu ya sangara vikaja, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Zaidi ya nusu ya samaki hubaki baada ya minofu kutolewa, na mabaki hayo, yaitwayo mapanki, yakaliwa na watu, mengine yakakaushwa na kusagwa kwa ajili ya kuku.

Kisha pumba zikapata bei, mashudu yakavuka mpaka, viroba vya chakula cha kiwandani vikajaa madukani. Leo mfugaji anauziwa pumba zilizochanganywa na maganda ya mpunga yaliyosagwa, ambayo kuku hawezi kuyameng'enya, na dagaa wenye mchanga. Huo ni wizi, na anayeulipia ni kuku anayepunguza kutaga.

Mabaki bado yapo Mwanza, tena mengi. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania hupima vyakula vya mifugo. Wafugaji wa mtaa mmoja wachangie, wapeleke sampuli ya pumba na dagaa kabla ya kununua mzigo, na muuzaji anayekataa kutoa sampuli waachane naye.