Jokofu la Mvinyo na Biri za Mjomba

Mke wangu ana desturi ya kuwaambia wageni kwamba nyumbani kwetu kuna majokofu mawili, moja la chakula na jingine la moshi. Wageni hucheka, nami hucheka pamoja nao. Hata hivyo, hilo la pili lilininyima usingizi kwa muda wa miezi mitano, na sababu yake sikuwahi kumweleza mtu yeyote hadi Septemba mwaka jana.

Mjomba wangu, mzaliwa wa Tanga, alitumikia meli za mizigo kwa miaka 26. Alianza kwa kuosha sufuria na akaishia kuwa mpishi mkuu. Leo ni mzee, macho yake yamezimwa na presha ya macho, na amehamia kwetu Temeke. Januari mwaka jana kijana wa baharia mwenzake, ambaye naye amefuata kazi ya baba yake, alimletea sanduku la biri 25 kutoka Havana. Nasema biri, wala si sigara za kwenye pakiti, kwani biri haina karatasi: ni majani matupu ya tumbaku, ya ndani, ya kufungia na ya kuvalia, yaliyosokotwa kwa mkono.

Mjomba havuti tena, daktari amemkataza. Nami sitaki nieleweke kwamba ninaipigia tumbaku debe katika ukurasa unaosomwa na watoto. Moshi wa biri huleta saratani ya kinywa na ya koo hata kwa yule asiyeushusha mapafuni, na hakuna aliyewahi kuvuta ndani ya nyumba yangu. Nia ya mjomba ilikuwa nyingine. Binti yake wa mwisho alikuwa aolewe Septemba. Melini kwao palikuwa na desturi kwamba baharia akioza, huwapa wenzake biri moja moja. Katika kundi lake walikuwa wamesalia saba.

“Mjomba,” aliniambia, kwani sisi huitana hivyo sote wawili, “mwaka 1994 nilikuwa na sanduku kama hili. Nikaliweka chini ya kitanda. Siku nilipolifungua nilikuta unga. Safari hii macho sina. Macho yangu ni wewe.”

Aliyelifanya sanduku lile kuwa unga ni mdudu mdogo wa rangi ya kahawia nyekundu, mwenye urefu wa milimita mbili au tatu. Ni jamaa wa wale wanaotoboa viungo na nafaka stoo. Mayai yake huwamo katika jani tangu shambani au ghalani, yakisubiri joto. Ndiyo sababu watunzaji wa biri hupenda zikae kwenye nyuzijoto 18 hadi 21, na unyevu wa hewa uwe asilimia 65 hadi 70. Zikikauka, jani la juu hupasuka na harufu hutoweka. Zikilowa, huota ukungu. Chumba chetu cha Temeke, mwezi wa Februari, ni hoteli ya fahari kwa mdudu na kwa ukungu pia.

Basi ikatokea kwamba hoteli moja mjini ilikuwa ikiuza vyombo vyake vya zamani, nami nikanunua kijokofu cha kuwekea chupa za mvinyo, chenye mlango wa kioo. Mama Rehema alikipokea kwa shangwe. Alikuwa na mpango wa kuuza maji baridi na maji ya ukwaju pale kibarazani, na kwa siku nne alikisubiri kipoze. Maji yalitoka na ubaridi wa mtungi.

Kosa halikuwa la kijokofu. Majokofu ya mvinyo ya aina ile hayana mashine ya kusukuma gesi. Yanatumia jambo lililogunduliwa mwaka 1834 na Jean Peltier, Mfaransa ambaye kabla ya kuingia katika sayansi alikuwa fundi saa: umeme ukipitishwa kwenye maungio ya vipitishaji viwili tofauti, upande mmoja hupoa na wa pili hupata moto, na feni ndogo huutoa moto huo nje. Ni ufundi mzuri, lakini hupunguza joto la chumba kwa nyuzi kumi na kitu tu. Kwa muuza maji ya ukwaju ni hasara. Kwa mwenye biri ni bahati, maana nyuzi 30 za Temeke zikipungua kumi na kitu, tunafika palepale panapotakiwa. Jokofu la kawaida lingeharibu, kwa kuwa bati lake ni baridi mno na huivuta hewa maji yake yote hadi majani yakauke.

Mke wangu alinikabidhi kijokofu bila maneno mengi. Alichosema ni kwamba kinakula umeme mchana na usiku, na kwamba uniti za LUKU za kijokofu hicho zitatoka katika fedha zangu za gazeti na kahawa. Zimetoka humo mpaka leo.

Mjomba aliposikia kilikuwa kikilaza mvinyo alitaka kioshwe barabara, nami nikakiosha kwa maji ya uvuguvugu na ile soda ya unga ya jikoni. Harufu iliyokuwa ngumu kutoka haikuwa ya mvinyo, ilikuwa ya plastiki. Nilikijaza magazeti yaliyofinyangwa, nikiyabadili kila baada ya siku mbili kwa muda wa wiki mbili. (Kwa hiyo zile nakala zetu zilizobaki bila kuuzwa zilipata kazi ya heshima.) Kisha nikaziba kwa gundi kile kitundu cha chini cha kutolea maji, nikang’oa vichanja vya waya, nikaenda Keko kutafuta mbao.

Hapa nilikosea mara ya kwanza. Niliomba mbao za mwerezi, na seremala akanipa mwerezi kweli, ule wa milimani kwetu uitwao mtarakwa. Nilipofunga vichanja, nyumba nzima ilinuka penseli. Mjomba alinusa tokea kitandani akasema, “Hii ni shule, si Havana.” Mtarakwa una mafuta makali na biri huyanywa. Mti unaotakiwa huitwa sedrela, nao kwa kweli si mwerezi hata kidogo, bali ni wa ukoo mmoja na mkangazi. Asili yake ni Amerika ya joto, lakini uliletwa kupandwa huku kwetu, na katika msitu wa Kimboza, mkoani Morogoro, umejisambaza hadi kuwa mti mvamizi unaoisonga miti ya asili. Seremala yuleyule alikuwa na vipande vyake chini ya meza, akivitumia kwa migongo ya makabati.

Kabla ya kuingiza biri nilizifunga mifuko miwili ya plastiki, nikamwomba jirani yetu muuza samaki aziweke siku tatu katika friza yake, kwani baridi kali huua mdudu pamoja na mayai. Ziliporudi, nilizipumzisha siku moja kwenye jokofu la chakula ili zisipasuke kwa joto la ghafla. Hazikunuka samaki. Mjomba alizikagua kwa pua, moja moja.

Tangu hapo tukawa na ada yetu. Kila Jumapili baada ya chai nilimsomea gazeti, naye akipakata sanduku mapajani kwa dakika chache. Alinisimulia jinsi alivyoingia katika kiwanda kimoja cha Havana na kuwakuta wasokotaji wamekaa safu kwa safu kama wanafunzi, na mbele yao, juu ya jukwaa, mtu akiwasomea gazeti kwa sauti. Nilitafuta habari hizo na kuzikuta ni za kweli. Desturi hiyo ilianza viwandani Havana mwaka 1865, na wafanyakazi wenyewe walichanga kutoka katika ujira wao kumlipa msomaji. Asubuhi habari, baadaye riwaya. Riwaya ya Alexandre Dumas juu ya Hesabu wa Monte Cristo iliwapendeza hata biri moja mashuhuri, iliyoanza mwaka 1935, ikapewa jina hilo. Mimi niliye na stashahada ya uandishi wa habari sijapata kusikia sifa ya kazi yetu iliyonigusa kuliko hiyo, ya watu kukatwa mshahara kwa hiari ili wasomewe gazeti.

Kosa la pili lilikuwa kubwa. Maelekezo niliyoyafuata yaliandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao nyumba zao hukaushwa na mitambo ya joto. Waliagiza kuweka ndani sifongo iliyoloweshwa kwa maji yaliyotoneshwa. Nikaweka. Sikutafakari kwamba hewa ya Dar es Salaam, yenye nyuzijoto 30 na unyevu wa asilimia 75, ikipozwa hadi nyuzi 25 hivi huanza kutoa maji yenyewe. Nami nilikuwa nikiipoza hadi 20, kisha nikaiongezea sifongo, na ilikuwa Aprili, masika yamepamba. Kipima unyevu kilionyesha 68, nikalala kwa amani.

Jumamosi moja nilifungua nikakuta biri 11 za safu ya chini zimeota manyoya ya kijani.

Ndipo nilipokumbuka kukipima kile kipimo, jambo ambalo lingepaswa kuwa la kwanza. Ni rahisi: chumvi ya mezani hutiwa maji kidogo iwe kama uji mzito, huwekwa katika kizibo cha chupa ndani ya mfuko uliofungwa pamoja na kipimo, na baada ya siku moja hewa ya mfukoni huwa asilimia 75. Changu kilisema 61. Kilikuwa kikinidanganya kwa 14. Nilitoa sifongo, nikaweka chembechembe kavu za silika, zile zinazonyonya unyevu, nikaacha kufungua mlango ovyo. Biri 14 zilizosalia zimekaa salama tangu siku ile.

Zile 11 nilizifukia nyuma ya nyumba usiku. Mama Rehema aliniona, akaniuliza, “Baba Rehema, utamwambia lini?” Nilimjibu kwamba wanaohitaji ni watu saba, na biri zinatosha. Kesho yake nilimpakatisha mjomba sanduku kama kawaida, nikasoma gazeti kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Alinusa, akanyamaza, akanirudishia. Ikawa hivyo kila Jumapili, wiki baada ya wiki.

Kati ya masika na harusi, wawili katika wale saba walifariki dunia, mmoja Mombasa na mwingine hapahapa mjini. Asubuhi ya harusi mjomba, amekwisha vaa kanzu, aliniambia nimtolee biri saba.

“Mjomba, wamebaki watano,” nilisema.

“Nimesema saba. Na ndani zimebaki ngapi?”

Nilimwambia zilikuwa 14, kisha nikamweleza yote: sifongo, ukungu, na shimo la nyuma ya nyumba.

“Najua,” alisema. “Tangu Aprili sanduku limekuwa jepesi. Nilikuwa nangoja uniambie.”

Jioni ile wazee watano walipewa biri zao. Mmoja aliwasha, akaenda kusimama nje ya ua. Wengine walizinusa kwa muda mrefu, wakazitia katika mifuko ya kanzu. Tuliporudi nyumbani mjomba alinikabidhi mbili zilizobaki mkononi mwake.

“Hizi ni za marehemu,” alisema. “Zirudishe ndani, halafu ufunge mlango upesi.”